Jiko, Dirisha na Kazi ya Mungu

Juni ikifika Songea, mkoani Ruvuma, jua likizama joto huondoka nalo. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe upepo unaoshuka kutoka milima ya Matogoro hupenya kwenye nyufa za milango ya Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki bila kubisha hodi. Makoti ya mitumba hutafutwa sokoni. Watoto huogeshwa mchana, jua lingali juu. Na vibarazani, ugali ukishasongwa na maharage yakishaungwa, jiko la mkaa hubaki limejaa makaa mekundu yasiyo na kazi tena.

Hapo ndipo mama, au kaka mkubwa, hulinyanyua jiko na kuliingiza chumbani. Kinachomsukuma ni huruma. Mkaa umenunuliwa kwa fedha, moto bado upo, watoto wanatetemeka. Kuuacha upoe nje ni ufujaji. Isitoshe, moshi umeshakwisha. Mlango unafungwa, kitenge kinasokomezwa chini yake kuzuia baridi, taa inazimwa.

Nyumba nyingi huamka salama. Nyingine, asubuhi, majirani hugonga mpaka wanavunja mlango.

Habari kama hizo hurudi msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi katika mikoa ya nyanda za juu kusini, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo hurudia onyo lake. Kisha msibani, chini ya turubai, hutamkwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo yamewashika mkono wafiwa wengi, na asiyewahi kuzika mtoto hana ruhusa ya kuyabeza. Ila yanaacha swali ambalo makanisa ya Songea na misikiti ya Tunduru inapaswa kulikabili kwa ujasiri zaidi. Kati ya jiko kuingizwa ndani na jeneza kutolewa nje, kazi ya Mungu ilikuwa ipi, na kazi ya mtu ilikuwa ipi?

Kuna kifaa kidogo, ambacho watu wengi wa Songea hawajawahi kukiona, kinachoweza kusaidia kulifikiri swali hilo. Kiko mbali, kwenye nchi za theluji. Katika miji ya Minnesota, Ohio au Ontario, walikohamia Waafrika Mashariki wengi, nyumba ina tanuri lake la kupasha joto, mara nyingi katika chumba cha chini ambako wageni hawafiki. Gesi huungua humo, joto hupita kwenye kuta za chuma na kusambazwa vyumbani kwa feni, na hewa chafu ya moto hutolewa nje kwa bomba. Katikati ya vyuma vyote hivyo pana kidude cha mviringo, mfano wa kisahani cha kikombe cha chai, chenye nyaya mbili na mrija mmoja wa mpira. Ni swichi ya presha. Fundi wa pampu za maji wa Songea analijua jina hilo, maana pampu yake nayo ina swichi ya presha. Ya tanuri, hata hivyo, ina kazi nyingine kabisa: inathibitisha kwamba moto una pa kupumulia.

Ndani ya kile kisahani kuna kiwambo chembamba. Baridi ikizidi na tanuri likitakiwa kuwaka, moto haujii kwanza. Kwanza huzunguka feni ndogo inayovuta hewa kuelekea kwenye bomba la moshi. Njia ikiwa wazi, mvuto wa feni hupita kwenye mrija na kukivuta kiwambo, nyaya zinagusana, mlio mdogo unasikika. Hapo tu ndipo kiwashi hupata ruhusa ya kuwaka na valvu ya gesi kufunguka. Mvuto wenyewe ni mdogo wa kushangaza. Hupimwa kwa inchi za maji, na swichi iliyoandikwa 0.60 hukubali kwa mnyonyo unaoweza kupandisha maji kwenye mrija kwa sentimita moja na nusu. Mtoto anayekunywa soda kwa mrija anavuta kwa nguvu zaidi ya hapo. Juu ya pumzi hiyo hafifu ndipo uhai wa familia nzima umewekwa.

Bomba likizibwa na theluji, au ndege akijenga kiota mdomoni mwake, au maji yakituama kwenye mrija, kiwambo hakivutwi. Swichi inakataa. Gesi haifunguki, na nyumba inazidi kupoa.

Basi mtu awazie hali ya familia hiyo usiku wa Januari, nje baridi imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Feni inazunguka, moto hauji. Fundi anaitwa, anafungua mfuniko, anaona swichi haiunganishi, anatangaza kuwa mbovu. Inawezekana ni kweli, maana viwambo huchoka na kuchanika. Lakini mafundi wazoefu wanajua kwamba mara nyingi swichi inayolaumiwa ni nzima na inasema kweli: njia imeziba mahali fulani. Fundi mwadilifu huzima umeme, hufunga gesi, huchomoa mrija kuona kama una maji au uchafu, huzibua tundu unapoingilia, hutoka nje na tochi kuliangalia bomba, kisha hupima mvuto. Mvuto ukiwa sawasawa na swichi bado imekataa, hapo ndipo huibadilisha, tena kwa nyingine yenye kipimo kilekile. Fundi mwenye haraka ana njia fupi. Anakata kipande cha waya na kuziunga zile nyaya mbili dairekti. Tanuri linawaka papo hapo, watoto wanapata joto, malipo yanatolewa kwa shukrani.

Mtanzania hahitaji kwenda Minnesota kuuelewa waya huo. Ni ndugu wa ule waya mnene unaowekwa badala ya fyuzi iliyoungua, ili taa ziwake leo na la kesho lijulikane kesho.

Hata hivyo, waliobuni mitambo hii walimjua binadamu vizuri. Bodi ya umeme ya matanuri mengi haianzi kwa kuwasha feni. Kabla ya chochote, huiuliza swichi swali moja, wakati feni ingali imesimama na hakuna mvuto wowote. Jibu sahihi wakati huo ni "hapana". Ikiwa swichi inajibu "ndiyo" kabla hewa haijaanza kutembea, bodi inajua kwamba imekwama au mtu ameiunga dairekti, na inakataa kuendelea. Taa ndogo huanza kumeta kutangaza hitilafu. Kwa lugha ya mahakama, shahidi hupimwa kwanza kama anaweza kukana, kisha ndipo kukiri kwake kunapokelewa.

Utaratibu huo unastahili kufikiriwa na watu wa dini kwa uzito uleule wanaoupa mfano wa mpanzi au wa wanawali kumi. Maana sentensi ya msibani ina tabia ya swichi iliyounganishwa dairekti. Mzee wa miaka mia akifa kwa uzee, ni kazi ya Mungu, na ingewezekana kufikiri hivyo. Mtoto akifa kwa malaria ambayo dawa yake ilikuwepo dukani, kazi ya Mungu. Basi likipinduka kwa sababu tairi lilikuwa kipara, kazi ya Mungu. Jiko likiua wanne chumba kimoja, kazi ya Mungu. Jibu linalotoka sawasawa kwa kila swali halijamwambia mfiwa lolote juu ya Mungu, na halijamwambia jirani lolote juu ya dirisha lake.

Wazee wa Ungoni na Umatengo walikuwa na swichi yao, ingawa hawakuipa jina hilo. Ilikuwa moshi wenyewe. Katika jiko la kuni chini ya paa la nyasi, moto ukikosa hewa moshi hujaa, macho huwasha, watu hukohoa, mtu hutoka nje apende asipende. Paa nalo lilipumua. Asubuhi ukungu wa moshi ulionekana ukijipenyeza kwenye nyasi kama mvuke wa chungu. Macho yaliumia na vifua viliumia, na hilo lisipambwe: moshi wa kuni umeua na unaendelea kuua taratibu. Ila ulikuwa unakataza kwa sauti. Watu wa mkoa huu wanaujua moto unavyopumua kuliko wengi. Anayepanga tanuri la matofali huacha midomo chini kabla ya kulikandika udongo. Mkulima wa Namtumbo anayekausha tumbaku ya moshi hukesha akiulinda moto wa bani la kukaushia usilale wala usiruke.

Mkaa uliondoa sauti hiyo. Kuni zimekwisha kuchomwa msituni, moshi umebaki huko, na kinacholetwa mjini kwenye magunia ni moto usiosema. Mkaa ukishakolea, chumba kinanukia usafi. Kumbe ndiyo saa ya hatari. Makaa mekundu yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Isichanganywe na hewa ukaa inayotajwa kila siku kwenye habari za tabianchi; hii ni nyingine. Ikiingia mapafuni, himoglobini ya damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua huku mwili wake unakosa kile anachokipumulia. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja mzito. Nani mwenye dalili hizo Songea usiku wa Julai atasema ni jiko? Atasema malaria, atasema uchovu, atajifunika vizuri zaidi. Anayewahiwa na kutolewa nje anaweza kupona; akipewa oksijeni safi hospitalini, nusu ya sumu hiyo huondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, ilhali kwa hewa ya kawaida huchukua saa nne na zaidi.

Wasomi nao wamedanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902, mwandishi Émile Zola na mkewe Alexandrine walilala chumbani kwao Paris, moto ukiwa kwenye meko ya ukutani na bomba lake limeziba. Usiku waliamka wanaumwa. Mke alitaka kuwaita watumishi. Mume akakataa wasisumbuliwe, akidhani ni tumbo tu na kwamba asubuhi wangekuwa wazima. Alexandrine aliokolewa. Zola alikutwa amekufa. Wachunguzi waliuwasha moto tena mle chumbani na kuwaacha wanyama wadogo humo. Wanyama wakapona, ikaandikwa kwamba kifo kilikuwa ajali. Lakini Zola alikuwa na maadui wengi tangu alipomtetea hadharani kapteni Alfred Dreyfus mwaka 1898, na mpaka leo wapo wanaoamini bomba lile lilizibwa makusudi.

Yaani Paris nayo iliuliza: ni nani? Na Songea huuliza hivyohivyo. Watu wanne kulala wazima na kukutwa wamekufa bila jeraha ni jambo linaloita minong'ono ya sumu na uchawi kabla maiti hazijaoshwa. E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa mpaka wa Sudan Kusini ya leo na Kongo na kuchapisha kitabu chake juu yao mwaka 1937, alieleza vizuri akili inayofanya kazi hapo. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawahitaji kufundishwa hilo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa hiyo, juu ya watu wale. Mchwa wanajibu swali la kwanza, uchawi unajibu la pili.

Mfiwa wa Songea anayesema kazi ya Mungu anajibu swali la pili pia, na anajibu kwa heshima kubwa zaidi kuliko anayemnyooshea kidole bibi kizee wa jirani. Tatizo ni pale jibu la swali la pili linapopewa kazi ya kulizima la kwanza. Mchwa hawajaulizwa. Dirisha halijaulizwa. Mwaka unaofuata nyumba ya tatu kutoka hapo inaingiza jiko.

Je, kuliuliza dirisha ni kukosa imani? Vitabu ambavyo watu wa Ruvuma wanaviheshimu vinaonekana kusema kinyume chake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamwagiza ajengaye nyumba mpya auzungushie ukuta mdogo ukingo wa dari lake tambarare, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo liko ndani ya Torati, pamoja na sheria za ibada, limeandikwa kwa sauti ileile. Katika karne ya 12 Musa bin Maimun, aliyekuwa tabibu na mwanasheria wa Wayahudi nchini Misri, alilipanua: kila kitu nyumbani chenye kuhatarisha roho kinaangukia chini ya amri hiyo, kisima kisicho na mfuniko kikiwemo. Hakuona haja ya kusubiri sheria mpya kwa kila hatari mpya.

Waislamu nao wanayo ya kwao, tena inayogusa jiko lenyewe. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wakiwa ndani; Mtume alipoambiwa, aliuita moto adui na akaagiza uzimwe kabla ya kulala. Ni maelekezo ya afya ya nyumbani yaliyotoka kinywani mwa anayefuatwa na waumini katika sala. Na Khalifa Omar, karne ya 7, alipokuwa njiani kwenda Sham na kusikia tauni imeingia huko, aliamua kuwarudisha watu. Swahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar akakubali kwamba anaikimbia, akielekea kwenye kadari nyingine ya Mungu huyohuyo, na akatoa mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari, lakini anajua pa kupeleka ngamia wake. Abu Ubaida, mtu mwema aliyeuliza swali zuri, baadaye alikufa kwa tauni hiyohiyo.

Jibu la Omar ndilo linaloonekana kulifungua fundo. Baridi ya Julai ni kadari. Makaa ni kadari. Tundu la hewa juu ya dirisha nalo ni kadari, na hewa inayoingia humo imeumbwa na aliyeumba baridi. Kulifungua dirisha hakumpunguzii Mungu chochote. Kulifunga halafu kumkabidhi yeye matokeo ndiko kunakofanana na lile jaribu la mnara wa hekalu katika Injili, pale shetani anapoomba mtu ajirushe ili malaika waonyeshe kazi yao.

Songea ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili kwa uangalifu na kwa upole. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilivuka mito na mapori mpaka ikafika Ungoni, na ahadi yake kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Agosti mwaka huo, lakini dawa iliendelea kusafiri bila yeye. Tarehe 27 Februari 1906 manduna na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa hapa mjini, na kila Februari watu hukusanyika eneo la Mahenge mjini humu, penye makaburi na Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka. Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, alinyongwa katika siku hizohizo.

Ushujaa wao hauhojiwi hapa. Walikuwa wanadhulumiwa, na maji yaliwapa watu wa makabila mengi moyo wa kusimama pamoja kwa mara ya kwanza. Ila muundo wa ahadi ile unafundisha. Dawa ilikuja na miiko: kutolala na wanawake, kutopora, na mingineyo. Aliyepigwa risasi akafa alisemekana amevunja mwiko. Kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo maji yenyewe yangeweza kusema hapana. Kila kifo kiliiacha dawa ikiwa safi na kumchafua marehemu. Bunduki za rashasha hazikusubiri mjadala huo uishe. Anayeyapenda makaburi ya Mahenge anaweza kuyapenda huku akiuona waya ule mfupi ukiwa umeunganishwa katikati ya imani na uwanja wa vita.

Hapa hoja ina mtego, na usiporukwa kwa makini makala nzima inageuka ukatili. Kumkatalia mtu "kazi ya Mungu" msibani kunaweza kumaanisha kumwambia mama aliyepoteza watoto watatu: ni wewe. Huyo mama aliwaingizia watoto joto. Marafiki wa Ayubu walikuja na hesabu za namna hiyo, za kutafuta kosa la mfiwa, na kitabu chenyewe kinaishia kwa Mungu kuwakasirikia. Yesu, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine wa Yerusalemu. Mchungaji au shehe anayenyamaza mbele ya mama huyo anafanya jambo sahihi. Siku ya kuzika haina semina.

Lakini Torati iliuelekeza wajibu kwa nani? Kwa ajengaye. Haikumwambia anayepanda darini awe mwangalifu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukuta. Na hapo ndipo swali la Songea linapoacha kuwa la mama peke yake. Chumba alicholala ni cha kupanga. Aliyekijenga alikipa dirisha moja, akaweka kioo cha kusukuma kwenye fremu ya aluminiamu, akapiga dari la jipsamu lililoziba kila upenyo, akaacha kuweka yale matundu ya hewa ambayo nyumba nyingi za zamani zilikuwa nayo juu ya madirisha, kwa sababu matundu huingiza vumbi na yanaonekana ya kizamani. Bati, saruji na jipsamu zimeifanya nyumba nzuri kuliko ya babu, na zimeinyima pumzi. Mpangaji hafungui dirisha usiku kwa sababu anaogopa wezi. Hana blanketi la pili kwa sababu mshahara wake ni mdogo. Mkaa ni nishati yake kwa sababu mtungi wa gesi ukiisha, kuujaza kunataka fedha nyingi kwa mara moja, wakati mkaa unauzwa hata kwa kopo. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kuacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Hayo ni ya kutiwa moyo. Lakini kati ya leo na 2034 kuna Julai nyingi, na hata gesi huhitaji hewa. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita mjini kwenda bandari ya Mtwara, na atakayeyachoma hayo ndani ya chumba kilichofungwa atapata sumu ileile.

Kwa hiyo kosa, kama ni lazima litajwe, limegawanyika kwa watu wengi ambao hawakuwa chumbani usiku ule: fundi aliyeshauri dari hilo, mwenye nyumba aliyeokoa gharama za matofali ya matundu, jirani aliyeona jiko linaingizwa akadhani si adabu kusema, kiongozi wa dini aliyehubiri Jumapili kumi za kipupwe bila kulitaja. Mama yuko mwisho wa foleni hiyo. Kinachoonekana kuwa ukali kumbe ndicho kinachompunguzia mzigo, kwa sababu msiba wenye sababu unaoweza kusimuliwa humwacha na kitu cha kufanya, huku mashaka ya uchawi yakimwacha na adui asiyejulikana maisha yake yote.

Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliwahi kubeba chiriku kwenye vizimba kwenda nao chini ya ardhi, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, aliyechunguza maiti za wachimbaji katika miaka ya 1890 na kugundua kwamba wengi waliuawa na kaboni monoksaidi hiihii kuliko na milipuko. Ndege mdogo hupumua upesi, hivyo huanguka kabla ya mtu. Desturi hiyo ilidumu hadi 1986. Wengi wa wachimbaji hao walikuwa watu wa kanisa, waimbaji wa kwaya, wenye kusali kabla ya kushuka. Kizimba hakikupingana na sala. Walishuka navyo vyote viwili, na chiriku akianguka walipanda juu bila kuuliza kama ni wakati wao umefika.

Songea ina desturi inayoweza kubeba kazi ya chiriku bila kuongezewa gharama. Nyumba ikiisha kujengwa, mwenyewe huita watu. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi hapa tangu wamisionari Wabenediktini walipoanzisha Peramiho mwaka 1898, padri hupita chumba hadi chumba akinyunyiza maji ya baraka. Kwa Waislamu husomwa dua, ubani hufukizwa, watu hula pilau. Wote waliohusika huwepo siku hiyo: mwenye nyumba amevaa shati jipya, mke wake, majirani, watoto watakaolala humo, na fundi amesimama karibu na mlango akisubiri kusifiwa. Padri akifika chumba cha watoto, mkono wake huinuka kuelekea kona ya juu ya ukuta, pale dari linapokutana na tofali la mwisho, na matone yanatua hapo. Macho ya wote yanaufuata mkono. Anaweza kuushusha akaendelea na chumba kinachofuata. Anaweza pia kuuacha juu kidogo, akamgeukia fundi na kumuuliza, watu wote wakisikia, hewa ya jiko ikijaa humu usiku itatokea wapi.